Wimbo wa Mariah Carey uliochukua miaka 25 kufika namba moja: Fahamu jinsi chati zinavyohesabiwa

Desemba 2019 Mariah Carey alishika namba moja kwenye chati kubwa ya muziki ya Marekani, Billboard Hot 100, kwa wimbo alioutoa mwaka 1994. Hakuurekodi upya, hakumwongeza msanii mwingine, hakugusa hata mdundo. Ni "All I Want for Christmas Is You" uleule ambao umekuwa ukiusikia supamaketi kila Desemba tangu upate akili zako.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao wimbo huo ulitoka alikuwa ameshafikisha miaka 25. Pengine ameshamaliza chuo na anazunguka na bahasha ya vyeti.

Sasa jiulize: wimbo unaopendwa kiasi hicho ulikuwa wapi kwenye chati miaka yote hiyo? Jibu fupi ni kwamba mwaka 1994 haukuruhusiwa hata kuingia. Jibu refu ndilo tamu zaidi, maana ukifuatilia singo za Mariah kuanzia 1990 unaona namba moja inatengenezwaje, na kila mara waliobadilisha hesabu walimbadilishia na yeye historia yake.

Walikuwa wanapiga simu dukani

Tuanze na neno lenyewe. Singo ni wimbo unaotolewa peke yake, nje ya albamu, ili upigwe redioni na uuzwe. Siku hizi ni kiungo tu unachobonyeza, lakini zamani ilikuwa kitu cha kushika mkononi: santuri ndogo, kaseti, baadaye CD yenye wimbo mmoja au miwili. Ulikwenda dukani, ukalipa, ukarudi nayo nyumbani.

Billboard Hot 100 ilianza Agosti 1958. Kila wiki inapanga nyimbo 100, na kwa miongo mingi ilitegemea zaidi vitu viwili: singo zilizouzwa na nyimbo zilizopigwa redioni. Vikichanganywa, unapata nafasi.

Shida ilikuwa kwenye kupata taarifa. Billboard waliyategemea maduka na vituo vya redio vieleze vyenyewe nini kinatoka sana wiki hii. Muuza duka anataja orodha yake, mtu wa redio anataja yake. Hakuna mashine inayohakiki. Unaweza kufikiria mwenyewe mwanya uliokuwepo wa kumpendelea msanii fulani au kuukadiria tu mzigo kwa macho.

Mariah aliingia sokoni katika mfumo huo, na aliingia kwa kishindo. "Vision of Love" ilikaa namba moja wiki 4 mwaka 1990. Ikafuata "Love Takes Time", kisha mwaka 1991 "Someday", "I Don't Wanna Cry" na "Emotions". Zote namba moja. Singo zake tano za kwanza, tano juu kileleni. Hakuna msanii aliyewahi kuanza hivyo kwenye Hot 100 kabla yake.

Novemba 30, 1991 Hot 100 ikahamia kwenye takwimu za kielektroniki. Upande wa mauzo mfumo wa SoundScan ukawa unasoma kila bidhaa inapopitishwa kwenye mashine ya kaunta. Upande wa redio mitambo ikawa inausikiliza na kuutambua wimbo yenyewe. Singo ya sita ya Mariah, "Can't Let Go", ikaishia namba 2 Januari 1992.

Sisemi mfumo mpya ndio uliomkatia mbio. Wimbo unaweza kuishia namba 2 kwa sababu tu kuna mwingine umeuzidi. Ila tarehe zimekaa vizuri: tano zote za kwanza ni za enzi ya kuulizana, ya kwanza iliyokosa kilele ni ya enzi ya mashine.

Hata hivyo mashine hazikumtupa. Zilimpa zawadi kubwa kuliko aliyoikosa.

1995: kuingia moja kwa moja namba moja

Kabla ya 1995 hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kuingia Hot 100 wiki ya kwanza ukiwa namba moja. Nyimbo zilipanda ngazi: 60, 40, 22, 9. Hata za Elvis na Beatles zilipita humo.

Mashine za kaunta zilipoanza, lebo zikagundua kitu. Ukiupeleka wimbo redioni wiki kadhaa kabla, watu wanausikia mpaka wanautamani, lakini dukani haupo. Kisha siku moja unaumwaga nchi nzima. Kiu yote iliyokusanyika inaisha wiki ileile, na kwa kuwa kila nakala inahesabiwa, wimbo unatua juu kabisa.

Wa kwanza kunufaika alikuwa Michael Jackson na "You Are Not Alone", mwanzoni mwa Septemba 1995. Wa pili, mwisho wa mwezi huohuo, alikuwa Mariah na "Fantasy", mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alikaa wiki 8.

Miezi miwili baadaye akarudia na "One Sweet Day", kolabo na Boyz II Men. Huo ulikaa namba moja wiki 16, rekodi ambayo haikuguswa mpaka "Despacito" ilipoifikia mwaka 2017, na ikavunjwa mwaka 2019 na "Old Town Road" ya Lil Nas X iliyofikisha wiki 19.

Na "Fantasy" haikuwa mbinu ya soko tupu. Kulikuwa na toleo la rimiksi akiwa na Ol' Dirty Bastard, rapa wa Wu-Tang Clan, kitu ambacho kwa staa wa pop wa aina yake kilionekana kichekesho wakati ule. Leo kila msanii wa pop anatafuta rapa wa kumwekea mistari. Mdundo wake ulichukuliwa kwenye wimbo wa Tom Tom Club wa miaka ya 1980, kwa hiyo baba mtu alikuwa anautambua na kijana anaucheza. Redio za pop zilikuwa na lao la kupiga, na redio za hip hop zilikuwa na lao. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipowazidi akili wenzake wa kizazi chake, kuliko hata kwenye zile noti za juu zinazopasua glasi.

Nyimbo ambazo chati haikuziona

Sasa turudi kwenye Krismasi.

Sheria ya Hot 100 wakati huo ilikuwa hivi: kama wimbo haujauzwa madukani kama singo, hauna sifa ya kuingia. Hata redio ziupige asubuhi mpaka usiku. Kwa upande wa lebo kulikuwa na hesabu nyingine: singo ni bei ndogo, albamu ni bei kubwa. Ukimnyima mtu singo, akiutaka wimbo sana itabidi anunue albamu nzima. Biashara tu.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. "Don't Speak" ya No Doubt ilikaa wiki 16 juu ya chati ya redio Marekani kati ya 1996 na 1997, na kwenye Hot 100 haikuwepo kabisa, hata namba 100. Mtu akisoma orodha za miaka hiyo bila kujua sheria, atadhani wimbo huo haukupendwa.

"All I Want for Christmas Is You", aliouandika na Walter Afanasieff, ulitoka ndani ya albamu ya "Merry Christmas" na Marekani haukuuzwa kama singo. Basi ukapigwa redioni na Hot 100 ikaupita kama haupo. Mwaka 1997 yakaukuta hayohayo "Butterfly", wimbo uliobeba jina la albamu yake ya mwaka huo: redio ndiyo, Hot 100 hapana.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Kule wimbo wa Krismasi uliuzwa kama singo, na Desemba 1994 ukafika namba 2, ukizuiwa na East 17 na "Stay Another Day". Kwa hiyo ni wimbo mmoja, Desemba moja: nchi moja ni wa pili, nchi nyingine haupo. Na Waingereza wana Mariah wao, maana huko amefika namba moja mara tatu tu. Ya kwanza ni "Without You" mwaka 1994, wimbo ambao Marekani uliishia namba 3.

Desemba 1998 Billboard wakakubali yaishe. Wimbo wowote unaopigwa redioni ukaruhusiwa kuingia Hot 100 hata kama hauuzwi peke yake. Januari 2000 wimbo wa Krismasi wa Mariah ukaonekana kwa mara ya kwanza, namba 83. Kisha ukapotea, kwa sababu kulikuwa na kizuizi kingine: nyimbo za zamani zilikuwa zinawekwa kando ili nafasi zibaki kwa mpya.

Singo ya punguzo, na miaka ya kiza

Kabla hatujafika mitandaoni, kuna singo moja ambayo mashabiki wake hawapendi sana kuizungumzia.

Mwaka 2001 Mariah alihamia Virgin Records kwa mkataba wa mamilioni ya dola, mmoja wa mikubwa kuwahi kutolewa kwa mwanamuziki. Singo ya kwanza ilikuwa "Loverboy". Redio hazikuuchangamkia. Wimbo ukawa umekwama huko namba 60.

Bei ya singo ikashushwa. Mashabiki wakaifuata dukani, na kwa wiki moja "Loverboy" ikaruka kutoka 60 hadi 2. Ilizuiwa na "Bootylicious" ya Destiny's Child. Ukitazama karatasi, ni mafanikio: namba 2 Marekani, na ndiyo singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka ule. Ukitazama hali halisi, hiyo ilikuwa moja ya nyakati ngumu kuliko zote za maisha yake. Julai alilazwa hospitali kwa uchovu mkubwa. Albamu ya "Glitter" ikatoka Septemba 11, 2001, siku ambayo hakuna Mmarekani aliyekuwa anawaza muziki. Filamu yake ikaanguka. Mapema 2002 Virgin wakamlipa ili mkataba uvunjwe.

Namba 2 ile ya "Loverboy" na namba 2 ya "Can't Let Go" zinaandikwa sawasawa kwenye orodha. Hazifanani hata kidogo.

Wengi waliandika kwamba ameisha. Kisha mwaka 2005 ikaja "We Belong Together". Wiki 14 namba moja. Billboard wakafunga muongo wa 2000 kwa kuutaja kuwa wimbo namba moja wa muongo mzima. Safari hii redio ndizo zilizoubeba, na haukuhitaji punguzo la bei. Mwaka huohuo Hot 100 ilikuwa imeanza pia kuhesabu nyimbo zinazonunuliwa kwa kupakuliwa mtandaoni, kwa hiyo ulipata na hilo.

Ikafuata "Don't Forget About Us", halafu mwaka 2008 "Touch My Body", namba moja yake ya 18. Hapo akawa amempita Elvis Presley, ambaye Billboard walikuwa wanamhesabia 17. Mbele wakabaki Beatles peke yao na 20.

Baada ya hapo kilele kikawa kigumu. Redio zikahamia kwa kizazi kingine. "Obsessed" ya 2009 iliishia namba 7, na hiyo ilikuwa kazi nzuri kwa wakati ule.

Kununua mara moja, kusikiliza mara elfu

Hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Tuseme mwaka 1994 dada mmoja wa Chicago alinunua CD ya "Merry Christmas". Duka likapitisha nakala kwenye mashine, ikahesabiwa: moja. Akaipiga Desemba ile mpaka majirani wakachoka. Akaipiga 1995, 1996, 2003, 2010. Kwenye chati, zote hizo ni sifuri. Alishanunua, biashara imekwisha.

Usikilizaji wa mtandaoni ukageuza jambo hilo juu chini. Machi 2012 Billboard waliingiza kwenye Hot 100 huduma kama Spotify, ambako mtu anachagua wimbo anaoutaka. Februari 2013 wakaingiza YouTube. Kuanzia hapo kila mara dada yule anapobonyeza, inahesabika, ingawa kwa mizani tofauti: tangu 2018 anayelipia huduma anabeba uzito zaidi ya anayesikiliza bure kwa kuvumilia matangazo.

Kwa hiyo chati iliacha kuuliza "wiki hii umenunua nini?" ikawa inauliza "wiki hii umesikiliza nini?" Hilo la pili ni swali linaloupendelea sana wimbo wa zamani ambao kila mtu anaujua, hasa ule wa sikukuu ambao familia nzima inaucheza kwa wiki nne mfululizo kupitia orodha zilizopangwa tayari.

Kizuizi cha nyimbo za zamani nacho kililegezwa mwaka 2012, nyimbo za Krismasi zikaruhusiwa kurudi kama zinafikia kiwango. Baada ya hapo ilikuwa suala la muda. Desemba 2017 wimbo wa Mariah ukaingia kumi bora kwa mara ya kwanza, namba 9. Msimu uliofuata namba 3. Desemba 2019, kilele.

Ile namba moja ya 2019 ilikuja na ziada ya kuchekesha kidogo. Wimbo ulibaki juu hadi chati ya Januari 4, 2020. Kwa siku hizo chache Mariah akawa msanii wa kwanza kuwa namba moja Hot 100 katika miongo minne tofauti: 1990, 2000, 2010 na 2020. Muongo wa nne aliupata kwa kuvuka mwaka tu, kama abiria aliyepitiwa na usingizi akashtuka yuko mkoa mwingine. Rekodi ni rekodi.

Tangu hapo umerudi kileleni msimu baada ya msimu. Uingereza nako ulifika namba moja Desemba 2020, miaka 26 tangu uzuiwe na East 17. Na hadi msimu wa 2024 unaisha, ulikuwa umekaa namba moja Marekani jumla ya wiki 18, ukiuzidi "One Sweet Day" wenyewe.

Je, ni haki?

Hapo wadau wanagawanyika, na ubishi wenyewe si mgeni kwako kama umewahi kubishana kuhusu watazamaji wa YouTube wa msanii wako na wa mwenzako.

Msanii mchanga aliyetoa singo mwezi Novemba ana sababu ya kulalamika. Desemba sehemu kubwa ya kumi bora ya Marekani inajaa nyimbo zilizorekodiwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2023 Brenda Lee alifika namba moja na "Rockin' Around the Christmas Tree", wimbo wa 1958, mwaka ambao Hot 100 yenyewe ilizaliwa. Singo mpya inasukumwa chini, na kupotea wiki nne chati siku hizi ni kupotea kabisa.

Upande wa pili una hoja pia. Kama watu ndio wanausikiliza, chati ifanye nini, ijifanye haijui? Ilishafanya hivyo mwaka 1994, na matokeo tumeyaona.

Mimi nipo karibu zaidi na upande huu wa pili, ila kwa sharti moja: usilinganishe wiki 16 za 1995 na wiki 18 za hadi msimu wa 2024 kana kwamba ni mbio za uwanja mmoja. Zile 16 zilikuja mfululizo, kwa watu kutoa pesa dukani kununua wimbo mpya. Hizi 18 zimekusanywa kwa misimu sita, wiki mbili hapa, nne pale, na watu ambao wengi wao hawakutoa hata senti kwa ajili ya wimbo huo peke yake.

Mariah mwenyewe anaujua mchezo. Kila Novemba 1, mapambo ya Halloween hayajashushwa, anaweka video kutangaza kwamba msimu umefika, na mitandao inamfanyia kazi iliyobaki.

Jumla yake sasa ni namba moja 19, akiwafuata Beatles wenye 20. Wimbo wa Krismasi hauwezi kumvusha, kwa sababu hata ukirudi kileleni mara mia unahesabika kama wimbo mmoja. Ili awafikie anahitaji wimbo mwingine tofauti, na mara ya mwisho wimbo wake mpya kufika namba moja ilikuwa 2008.